Wimbo wa Shangazi Mlangoni

Kihesa, Iringa
9 Juni 2024

Mdogo wangu Severina,

Kamwene. Nadhani barua hii itakukuta umeshavuna na mgongo haujakusumbua sana. Huku baridi imeingia, na mwaka huu imekuja kwa ukorofi; asubuhi tukiongea moshi unatoka midomoni. Wifi yako Lusia yupo, miguu tu ndiyo inamvimba jioni. Anagombana na jirani kuhusu kuku wanaokula mchicha, kwa hiyo ujue ni mzima. Kwaya bado ninayo. Sauti ya pili wameharibika kabisa, wanaimba kama watu waliotumwa na mzazi wakakubali shingo upande.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu yetu imekufa sikio, inasikika kwa spika tu, ukipiga nyumba nzima inakusikia. Ninayotaka kukuuliza sitaki Lusia ayasikie. Anayekuletea hii ni Jailos, dereva wa lori la Fidahussein, anayekuja huko kufuata mchele. Jibu mpe yeye.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kwa Fidahussein kununua betri za redio. Binti yake Fatema, anayekaa kaunta, akaniita. "Mwalimu, njoo usikilize. Hiki si kinanda cha kwenu Wahehe?" Akanipa simu niiweke sikioni. Ni bendi ya Warusi. Kuna filimbi kama ya mchunga ng'ombe, kuna mwanamke anaimba kwa kuvuta maneno, na chini kuna ngoma za kompyuta zinazodunda mpaka kwenye meno. Fatema anasema wana mashabiki wengi. Kazi yao ni kuchukua nyimbo za wazee wa kwao na za watu wa mbali na kuzipitisha kwenye mitambo. Nilikuwa nimeanza kucheka. Halafu nikasikia kinanda chenyewe, ligombo la baba.

Usiniambie silo. Ule uzi wa mwisho unaovuma chini ya wenzake, baba alishindwa kuurekebisha maisha yake yote, na mimi nilishindwa. Tena kabla halijaanza, mpigaji anakohoa kidogo. Kikohozi cha mwanangu nakijua. Ni Kalinga.

Hayo ningeyameza. Kalinga aliondoka hapa kwa hasira kwa sababu nilimkatalia kulipiga ligombo kanisani. Akaja kwako kufanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kama Warusi walipita wakamrekodi, basi. Nimelitaja ligombo kwanza kwa makusudi, maana kilicholitangulia kwenye muziki ule ndicho kinachoniuma. Ni sauti yako. Unaimba wimbo wa shangazi.

Wimbo huo hauimbwi shambani wala jikoni, na wewe unajua. Katika ukoo wetu shangazi anauimba mlangoni tu, mwili wa mtoto wa kaka yake unapotolewa nje. Wewe kaka unaye mmoja, ndiye mimi. Na mimi mtoto ninaye mmoja. Sasa ulikuwa unamwimbia nani?

Nyuma ya sauti yako kuna honi ya lori, ndefu. Na vijana wa baa iliyo chini ya kanisa sasa wanaucheza, nimepita nikawaona wanaruka. Umemtabiria mwanangu kifo ili Mrusi apate kitu cha kudundishia. Nina hasira, na nimeiandika ili isinikae tumboni. Nijibu.

Kaka yako,
Ambrosi


Ubaruku, Mbarali
30 Juni 2024

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Barua yako Jailos aliniletea nikiwa naanika mpunga, nikaisoma nimesimama juani. Huku tumevuna, ingawa kwelea kwelea walitukalia kooni mwezi wa nne, watoto wa shule walishinda mashambani wakipiga madebe. Mpunga upo wa kula. Joto limepungua kidogo, lakini baridi yenu hiyo ya Kihesa hatuitamani. Msalimie wifi yangu, mwambie miguu aiweke kwenye maji ya chumvi na awaache kuku wa watu.

Kuhusu Warusi, ni kweli walipita, mwaka jana baada ya mavuno. Walikuwa Mbeya wanatafuta vyombo vya zamani, mtu akawaambia kuna kijana Ubaruku anapiga ligombo kwenye mashine ya mpunga watu wakisubiri zamu zao. Wakaja, mwanamke anaitwa Vera na mwanamume mwenye masanduku ya nyaya. Jina la bendi yao siwezi kulitamka. Kalinga alisema maana yake ni nyuki wa majira ya baridi. Mimi nikamwambia nyuki wakati wa baridi hatoki mzingani. Akacheka sana.

Ni watu wa kawaida tu, kaka. Walikula ugali wangu, Vera alinisaidia kupepeta mchele akamwaga nusu chini. Walikuwa wanamkalisha Kalinga chini ya mti na wao wanafumba macho. Sijawahi kuona mtu akimsikiliza mtoto wetu namna ile. Nami wakaniomba wimbo wa zamani, nikaimba uliokuja mdomoni. Nilikuwa nimesahau ni wa wapi. Nisamehe kwa hilo, lisikukoseshe usingizi.

Kalinga hajambo. Yuko mashineni, mpunga ni mwingi msimu huu hata chakula anakula amesimama. Simu yake haijapona tangu ilipoanguka mferejini, ndiyo maana hampigii mama yake. Anawasalimu wote.

Nakutumia mchele mpya, Jailos anao. Mkiupika msiweke maji mengi.

Mdogo wako,
Severina


Kihesa, Iringa
21 Julai 2024

Severina,

Kamwene. Mchele umefika, Lusia ameupika ukashikana, akasema kosa ni la mchele. Baridi imezidi. Mzee Dastan wa jumuiya yetu tumemzika Jumatano, kwaya iliimba vibaya na nimewaambia hivyo hivyo pale pale makaburini, sasa wamenuna.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa naitafuta sehemu uliyonijibu.

Unasema ulisahau wimbo ni wa wapi. Wewe, ambaye shangazi Anjela alikukalisha jikoni ukiwa msichana akawa anakufinya kila ulipokosea neno, mpaka mama akaingilia. Huo ndio wimbo ulioupata kwa kufinywa, halafu umesahau ni wa nini. Na ile honi. Kwako Ubaruku nimelala mara kadhaa, malori ya mpunga yanaingia taratibu kwenye vumbi, hayapigi honi kama ile. Ile ni honi ya barabara kuu, ya gari linaloshuka Chimala. Mimi kazi yangu ni masikio, Severina.

Lakini sikuandiki kugombana. Nimewauliza wazee kama jambo hili lina dawa, wakaniambia ipo na ni rahisi. Mtu akiimbiwa wimbo ule akiwa hai, anaingia kwa mlango wa kwao kwa miguu yake mwenyewe, na shangazi aliyemwimbia anamlisha tonge kwa mkono wake. Imekwisha, wimbo umefutika. Basi njooni wote wawili wakati wa Nane Nane, mashine zinapopumzika. Mwambie sitamgombeza. Mwambie aje na ligombo. Nimeshaongea na padri, siku ya misa ya mavuno atapiga kabla ya sadaka, na kwaya itamfuata yeye. Nilikuwa mkaidi. Hilo umwambie kwa maneno hayo hayo.

Na aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake. Hata kama ni tusi.

Nimemsikia anakohoa mle kwenye muziki, kwa hiyo ninampelekea sweta, nimeishonea ndani ya mfuko wa kitambaa ili Jailos na wapakiaji wake wasiitamani. Mpe aivae, halafu uniambie inamkaaje.

Kaka yako,
Ambrosi


Ubaruku, Mbarali
15 Septemba 2024

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nililala na homa, halafu mfereji wetu ulibomoka tukawa kwenye kazi ya kuuziba, halafu Jailos akapita bila kusimama. Ninyi huko baridi imepungua? Wifi yangu miguu inaendeleaje?

Nane Nane hatukuweza kuja. Mashine hazikupumzika mwaka huu kama nilivyodhani, na tajiri hakumpa Kalinga ruhusa. Tutaangalia Krismasi.

Sweta imefika. Aliivaa siku ile ile, imemkaa vizuri. Alifurahi sana, akasema baba ana jicho la vipimo.

Huo mstari ataandika, mkono wake uliumia kidogo kwenye mkanda wa mashine, si jambo kubwa. Msijali.

Mdogo wako,
Severina


Kihesa, Iringa
22 Septemba 2024

Severina,

Jailos anaondoka saa hii hii, kwa hiyo sitasalimia.

Sweta ile niliinunua mimi mwenyewe kwenye mitumba ya Mlandege. Lusia hajui. Ni ya mtoto wa darasa la pili, ina picha ya sungura kifuani. Kalinga ananipita mimi kwa kimo.

Mfuko hukuufungua. Nimekaa hapa nafikiri ni kwa nini mtu apokee mfuko wa sweta asiufungue, na kila ninachofikiri kinaniongoza kwenye wimbo uleule.

Niandikie. Usiniandikie kuhusu mpunga.

Ambrosi


Ubaruku, Mbarali
13 Oktoba 2024

Kaka yangu Ambrosi,

Shikamoo. Kalinga amekufa. Amekufa tangu mwezi wa pili. Nimechana karatasi nyingi nikitafuta namna ya kulizungukia, haipo.

Hakufia hapa. Warusi walipoondoka mwaka jana walikuwa wamemwahidi kumwita, mimi nikadhani ni maneno ya wageni. Mwezi wa kumi tiketi ya kwenda kwao ikaja. Alipiga magoti hapa kwangu akaniomba nisiwaambie. Alisema, "Shangazi, baba akijua atasema nimekimbilia upuuzi. Acha nirudi na kitu cha kumwonyesha, halafu nitamwambia mwenyewe." Nikakubali. Wakati ule haikuwa dhambi kubwa, kijana anataka kumshtukiza baba yake. Akawa anampigia mama yake kutoka huko akisema yuko Ubaruku, mimi huku nacheka. Alikuwa ananitumia picha amevaa makoti mawili, theluji imemfika magotini, ligombo amelibeba mgongoni kama mtoto. Walipiga miji mingi. Alisema watu wanasimama kimya ligombo likianza, halafu ngoma zikiingia wanaruka, na yeye anapenda vyote viwili.

Walikuwa wanatoka mji mmoja kwenda mwingine. Huko barabara inakuwa na barafu juu yake ambayo dereva haioni. Gari liliacha njia. Dereva alikufa na Kalinga akafa, Vera akavunjika mkono.

Siku Vera aliponipigia nilikuwa Chimala sokoni na gunia zangu. Alikuwa na kijana mmoja Mkenya anayesoma huko, akawa anatafsiri, na mwenyewe analia. Walikuwa wamehangaika kumrudisha ikashindikana, na wao ndio walikuwa wanamtafuta shangazi, kwa sababu Kalinga alikuwa amewaambia mimi ndiye mtu wake. Vera akaniambia wako pale chumba cha maiti, wanamtoa sasa hivi kwenda kumzika. Nikauliza, "Hapo kuna mlango?" Yule Mkenya akasema ndiyo, mama, upo. Nikamwambia waambie wasimpitishe bado.

Nikaenda nyuma ya gunia za mchele nikaimba. Ningefanyaje, kaka? Atoke hivi hivi, kama mzigo, kwenye nchi isiyomjua? Nikamwimbia mpaka mwisho, kila neno nililofinyiwa. Watu wa sokoni walidhani nimelewa. Andendekisye, mama wa Kinyakyusa tunayeuza naye, ndiye aliyenishika kiuno nisianguke. Lori lilipiga honi, nami sikunyamaza. Nikasikia kwa mbali viatu vyao vinatembea, ndivyo nikajua kwamba ametoka.

Huo ndio wimbo Warusi waliourekodi. Vera alinipigia tena baadaye kuniuliza kama anaweza kuuweka kwenye muziki mbele ya ligombo la Kalinga, kama sitaki ataufuta. Nilimwambia auweke. Nilijua wewe husikilizi vitu vile. Lakini nilisema moyoni, labda siku moja utamfikia kaka, kwa sababu kwa mdomo wangu siwezi.

Nilitaka kukwambia ile wiki ya kwanza. Nikasema nisubiri Lusia apone malaria, halafu ikaja Pasaka, halafu akanipigia akasema mwambie Kalinga nimemwota amevaa nguo nyeupe, nikamjibu hajambo. Baada ya hapo kila nilipomsalimia nilikuwa namzika upya halafu namfufua. Sikukuficha kwa kukudharau. Niliogopa ukijua amekufa utajua pia kwamba mimi ndiye niliyemfungulia mlango akaenda.

Mfuko uko kabatini. Niliuweka mapajani nikashindwa kukata uzi.

Ligombo ninalo. Vera alilituma likaja mpaka posta ya Mbeya, halikuvunjika. Niambie nije lini.

Severina


Kihesa, Iringa
20 Oktoba 2024

Severina,

Nimepokea.

Ligombo mpe Jailos alilete, na mfuko pia. Wewe usije. Lusia nitamwambia mimi, na msiba tutaukaa hapa, na wewe hutakuwepo. Mimi ni baba yake na niliandikiwa kuhusu mpunga.

Ambrosi


Ubaruku, Mbarali
3 Novemba 2024

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Ligombo limefungwa kwa kitenge changu cha msiba, Jailos ameapa kulikalisha mbele karibu naye na si nyuma kwenye magunia. Mfuko wa sweta uko pembeni yake, haujafunguliwa.

Uliloamua sitalipinga. Nakukumbusha jambo moja tu, si kwa kujitetea. Mtoto wa kaka hatoki mlangoni bila shangazi. Nimemwimbia kwenye simu kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, na sijui kama inahesabika. Hata kama hutaki kuniona, niruhusu nisimame nje ya uzio, niimbe, nirudi na lori hilohilo.

Nitasubiri. Mwambie wifi yangu sina la kumwambia.

Severina


Kihesa, Iringa
1 Desemba 2024

Mdogo wangu Severina,

Kamwene. Mvua zimeanza, watu wanalima. Lusia yupo. Siandiki kwamba hajambo, neno hilo nyumbani hapa tumeliacha.

Nilimwambia siku niliyopata barua yako. Hakulia. Aliinuka akawafungia kuku bandani mchana kweupe, akarudi akakaa akaniuliza kama huko alikozikwa ni kwenye baridi. Nikasema ndiyo.

Barua yako ya kuomba kusimama nje ya uzio niliipata kabla ya msiba. Ningeweza kukujibu. Niliiweka chini ya godoro, na ukweli ndio huo.

Jailos alipofika na ligombo alivua kofia bila kuambiwa. Tukalilaza sebuleni kwenye mkeka, wanawake wakakaa pembeni kama kawaida. Padri alikubali misa, kaburi lisilo na mtu hakukubali, nami sikubishana naye. Tukasema tutalitoa mlangoni tu, ili liwe limetoka. Kwaya yangu walikuja wote, hata walionuna. Fidahussein alikuja na Fatema. Saa ya kutoa ilipofika watu wakaanza kugeuka geuka, wazee wananiangalia. Shangazi yuko wapi? Nikadanganya. Nikasema amekosa gari.

Ndipo nikamwambia Fatema aweke muziki wa Warusi kwenye spika ya kanisa.

Ilianza ile filimbi, wazee wakatazamana, mmoja akasema, "Mwalimu, hii ni nini tena?" Halafu ukaingia wewe. Wanawake wakasimama wote kwa pamoja. Tukalibeba ligombo, mimi mbele, na honi ya Chimala ililia tukiwa pale pale kizingitini. Nilikuwa nimeichukia honi hiyo miezi yote. Sasa nilijua ulikuwa umesimama wapi wakati inalia, na kwamba hapakuwa na ndugu hata mmoja wa kukushika.

Sauti yako ikaisha, Kalinga akakohoa. Lusia alikuwa ameshika fremu ya mlango. Hakuwa amewahi kuusikia muziki ule. Akasema, kwa sauti yake ya kawaida ya kila siku, "Anakohoa. Nilimwambia avae sweta." Hapo ndipo alipoanguka.

Ngoma za kompyuta zilipoingia Fatema alinyoosha mkono kuzima, nikamzuia. Nikaziacha zidunde mpaka mwisho mbele ya padri na watu wote, kwa sababu Kalinga yumo chini yake. Na anapiga vizuri, Severina. Ule uzi mbovu, mimi na baba tulikuwa tunaupiga tu kwa ukaidi ukiharibu kila kitu. Yeye anausubiri mwishoni kabisa, anaugusa peke yake wakati wengine wamenyamaza, na pale unapovuma chini ndipo yule Vera anapoanzia sauti yake. Amewatafutia Warusi mlango kwenye uzi ambao sisi tuliona ni kasoro. Mimi ni mwalimu wa muziki na nilimwambia mtoto huyo kwamba ligombo ni kelele za walevi. Nilimwambia mbele ya kwaya.

Sasa sikia tatizo lililopo, ndilo linalonifanya niandike.

Muziki ulipoisha tulikuwa uani, ligombo mikononi, hatujui twende upande gani. Shangazi ndiye hutangulia. Wote tulilisahau hilo, kwa sababu ukoo wetu haujawahi kumkataza shangazi kuja. Tukasimama hapo mpaka mikono ikachoka. Na kilichotolewa mlangoni kwa wimbo ule hakirudi ndani, kwa hiyo tukaliegemeza barazani, watu wakaenda kula. Liko hapo mpaka leo. Sina ruhusa ya kuliingiza na sina njia ya kulipeleka. Mvua ikipiga kutoka upande wa mlima, mimi natoka nasimama mbele yake na turubai kama mwendawazimu.

Sijui kama nimekusamehe. Nikiwaza kwamba miezi ile yote nilikuwa nagombana na sauti ya pili huku mwanangu yuko chini ya barafu, hasira inarudi. Halafu nakumbuka kwamba Kalinga alinikimbia mimi, siyo wewe.

Jana asubuhi nilimkuta Lusia barazani. Ameukata uzi wa ule mfuko. Amelivika ligombo sweta ya sungura, kichwa cha ubao kimetokea shingoni, mikono ameifunga kwa nyuma ili upepo usiivue. Akawa analitazama. Barua yako ya mwezi wa tisa sikuwahi kumsomea, wala sijamtajia maneno yake hata moja. Akanigeukia akasema, "Imemkaa vizuri."

Njoo, mdogo wangu. Njoo umtangulie.

Kaka yako,
Ambrosi